Ekzosi ya Pesa za Mayai

Gari la Laddie Petska lilifia mbele ya kanisa siku ya Pasaka, watu wamejaa uwanjani na nguo zao mpya, na padri bado amesimama mlangoni akiagana na waumini. Lingeweza kufia popote. Kati ya kanisa lile na nyumbani kwake kulikuwa na vilima vitupu vya mchanga, majani na upepo tu, ambako lingekata roho bila shahidi isipokuwa ng'ombe wa watu. Lakini lilingoja kanisani. Rejeta ilipasuka, mvuke ukafunika kioo, na Laddie alipokanyaga breki mguu ukazama mpaka chini kama umekanyaga tope. Pikapu ikateremka polepole katikati ya umati, kina mama wakiruka pembeni na vikapu vyao vya Pasaka, ikaenda kujiegemeza kwenye nguzo ya kengele. Kengele ikalia mara moja.

"Laddie," akaita Rudy Cerny kutoka ngazini, bila hata kutabasamu, "limekuja kuungama?"

"Limekuja kufa. Lete bomba tulivute."

"Si padri yupo hapa hapa? Tulipake mafuta ya wagonjwa kwanza."

Watu wakacheka, na padri akageukia ukutani asionekane. Rudy alikuwa jirani wa Laddie na mtani wake tangu walipokuwa wavulana wa shule, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwacha mwenzake apite bila kuchokozwa. Akalifunga gari bovu nyuma ya lake kwa bomba la chuma, akalivuta kupitia mtaa mkubwa wa mji, mbele ya madirisha yote. Laddie alishika usukani. Albina mkewe alikaa kando yake na kofia mpya ya Pasaka, shingo imenyooka, macho mbele, kama anayesindikiza jeneza la mtu mkubwa.

Angegomba, Laddie angejua la kumjibu. Walikuwa wamegombana vizuri tu kwa zaidi ya miaka arobaini na kila mmoja alizijua zamu zake. Lakini Albina hakugomba. Walipotoka nje ya mji aliinua mguu wake wa kulia, akautazama.

"Kiatu changu kimejaa matope."

"Umekanyaga wapi?"

"Humu humu ndani. Sakafu yako ina tundu. Tangu kanisani naiona barabara ikipita chini ya miguu yangu." Akaushusha mguu. "Laddie, nimechoka."

"Tukifika utapumzika."

"Sisemi uchovu huo. Ile nyumba jirani na Libbie bado haijapata mtu." Libbie alikuwa dada yake, akikaa mjini, karibu na kanisa kiasi cha kusikia misa akiwa jikoni. "Mwenye nyumba amesema atanisubiri mpaka Pasaka ijayo. Ina maji ya moto bombani. Ina kijia cha saruji mpaka mlangoni. Nataka kuzeekea huko."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wauzwe."

Laddie alitazama kisogo cha Rudy kikitikisika kule mbele, akajua kuwa kisogo kile kinacheka. Akasema, "Gari naweza kulitengeneza."

"Hilo nimelisikia."

"Nitalitengeneza lote. Safari hii si waya na kamba."

Walikipita kinu cha upepo cha kina Cerny. Ndipo Albina akasema, kwa sauti ya mtu anayenunua kitambaa na hataki kudanganywa kipimo: "Haya. Theluji ya kwanza ikianguka nitapanda humu mwenyewe, twende tukalishe. Breki zikishika, mlango ukifunga, nisiione ardhi chini ya miguu yangu, na ng'ombe wakala kabla ya saa sita mchana, nitakaa nawe huku mpaka majani yachipue. Likishindwa hata moja, mimi nahamia mjini, na wewe utachagua kati yangu na ng'ombe. Na pesa ya benki usiiguse."

Laddie alimgeukia amtazame kama anatania. Hakuwa anatania.

Kusema kweli gari lile halikuwa limetendewa ubaya wa makusudi. Liliachwa tu. Alilinunua kwa muuza nafaka likiwa limeshatumika, mwaka binti yao wa mwisho alipoanza shule, kijani kiking'aa bado, na siku ya kwanza alilipitisha kwa majirani wote kwa kisingizio cha kuuliza habari za mvua. Tangu hapo kilicholegea alikifunga kwa waya, kilichopasuka alikifunga kwa kamba ya marobota ya majani, na kilichoanguka alikiacha kilipoangukia. "Litakwenda tu," ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mlio mpya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Laddie hakuziba ufa hata mmoja, na ukuta ukamwangukia mbele ya padri.

Ekzosi ndiyo iliyotangulia kwenda. Iligonga mdomo wa shimo la mnyama huko malishoni, ikabaki mchangani, naye hakurudi kuiokota. Toka siku hiyo gari likawa linanguruma hata likienda mwendo wa mtu kutembea, na ngurumo yake ilivuka vilima. Wake wa majirani wakiisikia waliweka birika motoni, na gari lilipoingia uani kahawa ilishachemka. Albina alijua mahali ilipofika, akajua lini aweke nyama kikaangoni. Siku hizo watu wa vilima vile walijuana kwa sauti za magari yao kama watu wa nyumba moja wanavyojuana kwa vikohozi. Jambo hilo limekwisha. Magari ya sasa yote yananong'ona, na mgeni akibisha hodi unashtuka kama umevamiwa.

Basi Laddie alipotaka vifaa alikwenda kwa Rudy, maana hakuna mahali pengine pa kwenda mtu asiye na pesa. Nyuma ya kila nyumba huko kuna safu ya miti waliyoipanda wazee kukinga upepo, na nyuma ya miti ndiko mashine zinakokwenda kufia: trekta la babu, mashine za kufungia majani, magari yaliyopasuka mioyo. Hakuna anayeziuza na hakuna anayezitupa. Jirani akihitaji kifaa haulizi bei, maana kuuliza bei ni tusi. Anakuja na chochote mkononi, anakaa jikoni, anamiminiwa kahawa, na kabla hajashika spana sharti asikilize jinsi mashine ile ilivyokufa, kuanzia mwanzo, hata kama aliwahi kuisikia hadithi yenyewe, hata kama alikuwepo. Hayo ndiyo malipo.

Nyuma ya miti ya Rudy kulikuwa na pikapu nyekundu ya aina ile ile. Laddie alikuwepo siku ilipozama bwawani. Hata hivyo alikaa, akaweka mezani kolache, vile vimikate vitamu vyenye plamu katikati, alizopewa na Albina, akasikiliza.

"Hapo zamani kulikuwa na mpumbavu mmoja," Rudy akaanza, akimega kolache. "Sitamtaja jina kwa sababu anakunywa kahawa yangu. Nikamuuliza, bwana, barafu hii itashika? Akasema itashika."

"Uliniuliza kama itashika mtu. Gari hukulitaja."

"Laddie! Nilikuwa nimekaa ndani ya gari nikikuuliza!"

"Nilidhani unaniaga."

"Na kweli nilikuwa nakuaga. Nusura niage dunia."

Hapo Rudy alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na Laddie akapewa rejeta. Mlango ulikuwa na kisa chake, na boneti kisa chake, na kila kisa kilizaa kingine: baba yake Rudy aliyekuwa akiimba akikamua, dansi za Jumamosi ukumbini, mwaka wa ukame ambapo walilisha ng'ombe magugu ya miiba na ng'ombe wakaishi. Kufikia katikati ya kiangazi Laddie alijikuta anakwenda kwa Rudy kutafuta skrubu ambazo alikuwa nazo nyumbani. Alijua anachofanya. Huko mjini angepata maji ya moto, lakini nani angemsimulia habari za bwawa lile huku akimtazama usoni kwa lawama? Wazo hilo lilimuuma kuliko nyonga yake mbovu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha, nao wote wawili hawakuwa vijana. Injini haikuwasumbua sana. Ilikuwa na roho ngumu, ikataka plagi, mafuta mapya na kabureta ioshwe. Tangi la mafuta ndilo lililokuwa limejaa kutu. Wakalishindilia kokoto na kipande cha mnyororo, wakalifunga kwenye gurudumu la trekta, wakaliinua trekta kwa jeki na kuliwasha, tangi likazunguka likipiga kelele kutwa nzima mpaka mbwa wa Rudy akahama. Sakafu waliitia kiraka cha bati la ghala la nafaka. Panya walikuwa wametafuna nyaya zote na kujenga nyumba ndani ya kiti, na katika nyumba hiyo Albina aliikuta glavu aliyomshuku Libbie kwa miaka mingi kuwa ameichukua.

Mabomba ya breki tu ndiyo yaliyonunuliwa mapya. "Ubahili una mipaka," Rudy alisema. "Breki si mahali pake." Laddie aliuza tandiko la farasi alilokuwa hapandi tena, akanunua. Mlango mwekundu ulipoingia ubavuni mwa gari la kijani, Rudy alirudi nyuma hatua chache akalitazama kwa huzuni ya uongo.

"Gari lako linakula langu. Likishiba chuma litadai na mke wangu."

"Mkeo nitamchukua. Kolache zake si mbaya."

"Mchukue na honi yake kabisa." Na kweli honi ilitoka kwenye gari dogo la zamani la mke wa Rudy. Ya Laddie ilikuwa imekufa miaka mingi. Hii ilikuwa na sauti ya adabu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Mwanzoni Albina alikuwa akiwatazama tu kutoka dirishani. Baadaye akaanza kuleta kahawa. Baadaye akaja na vipande vya mablanketi ya zamani, akakishonea kiti kitambaa kipya, huku akisema wazi kwamba hasaidii upande wowote, anashona tu kwa sababu hapendi kuona kiti uchi. Jioni moja alikaa humo na sindano yake, gari halina magurudumu, limesimama juu ya magogo, akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" Laddie akauliza kutoka chini ya gari.

"Nakumbuka siku uliyonifundisha kuendesha."

Albina alikuwa mtoto wa fundi viatu wa mjini. Alipoolewa hakuwa ameshika usukani wala kiwele cha ng'ombe. Majira yao ya kwanza ya baridi Laddie alimkalisha ndani ya gari la baba yake, akalitia gia ya chini kabisa, akamwambia ashike usukani tu, asiguse kitu kingine chochote, kisha akapanda nyuma kutupa majani. Bibi harusi akatii. Alifika kwenye uzio, akaupita uzio, akaingia katika shamba la kina Cerny na ng'ombe wote wakimfuata, mumewe akipiga kelele huko nyuma kama mtu anayechinjwa.

"Ulisema nisiguse kitu," Albina akasema.

"Nilisema. Na hujanitii tena tangu siku hiyo."

Alishona mshono mwingine, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naipenda kazi ile, unajua. Vidole ndivyo vilivyokataa baridi. Mimi sikukataa." Laddie aliilaza spana kifuani. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mkewe haikimbii nyumba yao. Alikuwa anauogopa mwili wake mwenyewe, na yeye muda wote huo amekuwa akijitetea kuhusu gari.

Mwezi wa kumi, gari likiwa limesharudi kwenye magurudumu yake, Albina alirudi kutoka mjini na kitu kirefu kilichofungwa kwa magazeti. Kilikuwa ekzosi, mpya, inang'aa, haijaguswa na mkono wa mtu. Alikuwa ameiwekea pesa za mayai ya kuku wake tangu mwezi wa sita.

"Albina. Pesa za mayai ni zako."

"Ndiyo maana nimezitumia nitakavyo. Nataka siku moja nikusikie unachosema humo ndani. Miaka yote hii nimekuwa naitikia 'ndiyo, ndiyo', sijui hata nimekubali mambo gani."

Laddie alitaka kucheka, akashindwa. Ilikuwa zawadi ya mtu anayetaka waagane vizuri na maisha yale. Kipya kinyemi ingawa kidonda: kesho yake waliifunga yeye na Rudy, wakawasha gari, wakatazamana. Walifikiri halijawaka. Laddie akaligusa boneti kwa kiganja, likawa linatetemeka kidogo, kimya kimya, kama paka aliyelala.

Alikwenda nalo kwa Rudy siku iliyofuata kujionyesha. Akamkuta uani amevaa nguo za ndani na viatu vya mpira, anamwagia maji mabata, na jikoni hakuna kahawa.

"Unaingia uani kwa watu kama mwizi!" Rudy akafoka, akitafuta pa kujificha. "Kohoa basi, mtu!"

Laddie alicheka njia nzima. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka juu ya ekzosi ile.

Theluji ilikuja katikati ya mwezi wa kumi na moja, upepo ukitoka kaskazini, mbingu imeshuka mpaka kwenye vilima. Walipakia marobota mapema. Albina alivaa makoti mawili, akaufungua mlango mwekundu, akaufunga, akaufungua tena na kuufunga. Akatazama sakafu. Kwenye mteremko wa kutokea uani alimwambia mumewe, "Simama," na gari likasimama pale pale.

"Haya," akasema. Sura yake haikuonyesha kama amefurahi au amesikitika.

Malisho ya mbali yalikuwa ng'ambo ya vilima. Kule kulikuwa na bonde lililokingwa na miti, ambako ng'ombe walilishwa siku za theluji, na juu yake mteremko mrefu uliokwenda kuishia kwenye kona ya uzio. Ng'ombe walikuwa juu, mbali, wameupa upepo migongo. Laddie aliingiza gari bondeni, akasimama, akangoja waje.

Hawakuja.

Walikuwa wameinua vichwa, wanatazama gari kama wanavyotazama gari la mkaguzi wa kodi. Laddie akasogea karibu zaidi. Wakasogea mbali zaidi. Akapiga honi ya mke wa Rudy, na ng'ombe wakainua mikia, wakakimbilia kule kule kwenye kona ya uzio, ambako upepo unasukuma theluji na kuirundika. Laddie akaiacha honi. Akiwa mtoto aliwahi kuona ng'ombe waliosongana kwenye kona kama ile, na baba yake aliwatoa wakiwa wamesimama, wamekufa, theluji mpaka machoni.

Akashuka, akaita. Upepo ukaichukua sauti yake ukaenda nayo kwa kina Cerny. Akatembea kuwaendea, akateleza, nyonga ikamkatalia, akarudi akishika ubavu wa gari. Na aliposhika ubavu ule uliotulia ndipo ikamjia: tangu ekzosi ile ya zamani ibaki mchangani, hakuwahi kuita ng'ombe hata siku moja. Alikuwa anafika tu, nao wanakuja. Alidhani wanamjua yeye.

Akaingia ndani, akakaa. Saa sita haikuwa mbali.

"Hawatujui," akasema.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," Albina akajibu. "Wanalingoja lile gari lako bovu."

Laddie hakumtazama. Mkewe angenyamaza tu, angekuwa ameshinda. Breki zimeshika, mlango umefunga, na ng'ombe hawajala. Sharti ni sharti. Aliwaza kijia cha saruji, akawaza ng'ombe wakipandishwa kwenye lori la mnada mmoja mmoja, akahisi machozi yanampanda na akaona haya kuyafuta. Alisikia mlango mwekundu ukifunguliwa.

"Nipe spana," Albina akasema. Alikuwa amesimama kwenye theluji, anavua koti moja.

"Spana ya nini?"

"Ya kukorogea supu. Nipe spana, Laddie!"

Alitandika koti chini, akalala chali, akaingia uvunguni. Laddie alipiga magoti kwa shida, akaona viatu vyake na theluji ikichuruzika maji juu ya bomba la moto.

"Albina, utaungua! Toka huko. Hiyo ni pesa yako, umeweka miezi mingapi..."

"Najua nilivyoiweka. Yai moja moja." Spana iligonga chuma. "Siwezi kukaa jikoni kwa Libbie nikinywa kahawa huku najua ng'ombe wamefia uzioni kwa ajili ya zawadi yangu. Vuta upande huo! Vuta, usinitazame!"

Akavuta kwa glavu zake mbili. Bomba likagoma, likalia, kisha likaachia, likaanguka kwenye theluji likifanya mvuke. Albina alitoka uvunguni na grisi shavuni, nywele zimejaa maji, akaingia upande wa usukani bila kuuliza mtu, akawasha.

Bonde lote lilinguruma. Kunguru walitoka mitini. Kule juu kwenye kona kichwa kimoja kiligeuka, kisha vyote, na ng'ombe wakaanza kuteremka, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, wakilia, wakisukumana, matumbo yakiyumba, ndama wa mwaka ule wakiwafuata mama zao bila kujua wanachokimbilia. Albina alikuwa akipiga usukani kwa kiganja na kuwataja kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, na Laddie, ambaye hakusikia hata jina moja kwa kelele zile, aliyasoma yote midomoni mwake.

Alipanda nyuma, gari likaenda polepole kufuata bonde, naye akaanza kukata kamba na kutupa majani. Robota la kwanza alilitupa kama kijana. La tatu lilimwangusha magoti. Akaendelea vivyo hivyo, amepiga magoti, anasukuma majani kwa mikono na kifua, akiomba Mungu kioo cha nyuma kiwe na barafu.

Hakikuwa nayo. Gari halikusimama, lakini mara mlango ukagonga, na Albina akatokea ubavuni akitembea sambamba na gurudumu. Akashika ubao wa nyuma, akajivuta juu, akaketi kwenye marobota akihema.

"Nani yuko kwenye usukani?" Laddie akapiga kelele.

"Hayupo mtu! Nimeufunga kwa kamba!"

Na gari likaendelea peke yake, la kijani lenye mlango mwekundu, likinguruma katikati ya theluji, ng'ombe wamelifuata kwa mstari mrefu. Walitupa majani pamoja, yeye amepiga magoti, mkewe ameketi, na vidole vyake Albina, vile vilivyokataa baridi, vilikuwa vimejikunja ndani ya glavu hivi kwamba alikuwa anatupa kwa viwiko. Laddie aliviona. Alikuwa ameshinda, saa sita haijafika, na moyo wake haukuwa na furaha ya ushindi hata kidogo, bali alimpenda mwanamke yule kuliko ng'ombe wote wale.

"Albina," akamwambia sikioni, "majani yakichipua tunauza. Tunahamia kule kwa Libbie."

Albina alimtazama, theluji imemkaa kwenye kope. Alikuwa amesikia; safari hii hakuitikia "ndiyo" tu.

"Kata kamba, mzee," akasema. "Ng'ombe wanasubiri."

Laddie akaikata, na robota likafunguka mikononi mwao wote wawili, likinukia majani ya mwezi wa saba.